"Mtandao Unasumbua": Kulitafuta Tatizo Halisi Masomo ya Mtandaoni Yanapogoma Chuoni

Chuo kikianza kufundisha mtandaoni, malalamiko karibu yote hufika ofisi ya TEHAMA kwa sentensi moja: mtandao unasumbua. Mwanafunzi aliyesahau nywila anasema hivyo. Mwalimu ambaye faili lake la MB 40 limekataliwa anasema hivyo hivyo. Mkuu wa chuo akiisikia mara nyingi anaidhinisha kuongeza kasi ya intaneti, bili inapanda, na malalamiko yanabaki palepale, maana intaneti haikuwa na kosa.

Mwongozo huu ni kwa vyuo vya ufundi na vyuo vya kati vya Mwanza na kandokando ya ziwa vinavyotumia Moodle (mfumo wa kuendeshea masomo mtandaoni), iwe kwenye seva (kompyuta inayoutunza mfumo huo) ya kukodi au seva iliyopo chuoni, na ambavyo wanafunzi wake wengi husoma kwa simu. Vichwa vya sehemu ni maneno ya walalamikaji wenyewe.

Kabla ya kugusa chochote

Uliza mambo manne na uyaandike: nani, yuko wapi, saa ngapi, kwa kifaa gani. Mtu akisema "wote wameshindwa," mwombe akutajie watatu, kisha uwapigie. Mara nyingi utakuta mmoja ameshindwa kuingia, wa pili bando limekata, na wa tatu hana shida yoyote.

Kisha pima kasi sehemu tatu: kompyuta iliyochomekwa kwa kebo moja kwa moja kwenye rauta, laptop iliyo kwenye Wi-Fi hatua chache kutoka kwenye akses pointi (kifaa kinachorusha Wi-Fi), na simu iliyo nyuma kabisa ya darasa linalolalamikiwa. Pima saa mbili asubuhi, rudia saa tano vipindi vikiwa vimepamba moto. Kebo ikitoa Mbps 20 (megabiti 20 kwa sekunde) na nyuma ya darasa ukapata Mbps 1, tatizo ni Wi-Fi yenu. Zote tatu zikiwa nzuri asubuhi na kuporomoka saa tano, mmeijaza njia. Zikiwa chini kutwa nzima, hapo ndipo pa kumpigia mtoa huduma, na umpigie ukiwa na vipimo mkononi. Kasi ikiwa nzuri kote na Moodle peke yake ndiyo inayozunguka, hamia kwenye seva.

Usichanganye Mbps na MB (megabaiti). Gawanya kwa 8: Mbps 20 ni MB 2.5 kwa sekunde. Wanafunzi 40 wakipakua kwa pamoja faili la MB 25, hizo ni MB 1,000, yaani sekunde 400, karibu dakika saba za darasa kukaa likitazama skrini. Hesabu hii pekee inatosha kumshawishi mwalimu apunguze faili lake, au awaambie wapakue usiku kabla ya kipindi.

"Wi-Fi imeshika ila intaneti hakuna"

Simu ikikwama kwenye kutafuta anwani ya IP (namba ambayo rauta hukipa kila kifaa), na wanaokosa ni wale wanaofika baada ya saa nne, anwani zimeisha. Rauta nyingi hutoka kiwandani zikiwa na anwani mia moja hivi za kugawa, na haziwezi kuzidi 254 bila kubadilisha mpangilio. Kila simu inayopita karibu na geti huchukua moja na kuishikilia kwa saa 24, hata mwenyewe akiwa ameshapanda daladala ya Igoma. Punguza muda wa kushikilia anwani uwe saa 2, na upanue wigo: ukitumia kinyago cha mtandao (subnet mask) cha 255.255.252.0 unapata anwani 1,022. Walimu na ofisi ya uhasibu wawe na mtandao wao pembeni, wasigombanie anwani na wanafunzi.

Anwani zikiwa tele na bado hali ni mbaya, hesabu vichwa. Rauta ndogo ya nyumbani haikutengenezwa kwa ajili ya darasa. Simu 25 hadi 30 zikitumika kwa pamoja inaanza kuwaangusha watu hata kama boksi lake limeandikwa vifaa 128. Darasa la watu 50 linataka akses pointi ya ofisi, iliyofungwa darini na kulishwa kwa kebo. Vile vifaa vya kurudisha mawimbi vinavyochomekwa ukutani hukata kasi karibu nusu, maana redio ileile inapokea na kutuma kwa zamu. Kwa chumba kimoja cha mlinzi vinafaa. Kwa darasa ni kupoteza hela.

Akses pointi zikiwa tatu au zaidi na zote zimeachwa kwenye chaneli moja, zinapigiana kelele. Kwenye GHz 2.4 chaneli zisizoingiliana ni tatu tu: 1, 6 na 11, kwa upana wa MHz 20. Zipange kwa mkono ili zilizo jirani zisifanane. GHz 5 ina chaneli nyingi na kasi zaidi, ila haipendi ukuta.

Ukuta kwetu ni habari ndefu. Majengo mengi ya Mwanza yamejengwa juu ya miamba na katikati ya miamba. Kuta ni za mawe, na mara nyingine kuna jiwe zima limesimama kati ya darasa na karakana. Mawimbi hayapiti hapo. Karakana iliyoezekwa na kuzungushiwa mabati ndiyo mbaya zaidi, kwani akses pointi iliyo nje yake ni kama haipo. Kosa la kawaida ni kupandisha nguvu ya akses pointi hadi mwisho. Simu itaonyesha vijiti vinne kwa sababu inasikia, lakini yenyewe ina nguvu ndogo na jibu lake halifiki. Ukiona vijiti vimejaa na ukurasa haufunguki, shuku jambo hili. Rudisha nguvu iwe ya wastani, vuta kebo, weka akses pointi nyingine ndani ya karakana. Kebo ya shaba isizidi mita 100 kutoka swichi (kisanduku kinachogawa kebo za mtandao) hadi kifaa; ikizidi, mtandao unaweza kuwaka asubuhi na kukatika jua likipanda, na utahangaika wiki nzima ukimlaumu mtu mwingine.

"Nywila ni sahihi lakini inanikataa"

Hili ndilo litakalowalemea wiki ya kwanza, na karibu lote linatokana na faili la Excel la ofisi ya usajili.

Moodle haipokei alama ya mkwaju (/) kwenye jina la kuingilia. Inakubali herufi ndogo, tarakimu, nukta, kistari, kistari cha chini na alama ya @. Namba ya mtihani ya kidato cha nne ina mikwaju miwili, na namba za usajili za vyuo vingi ziko hivyo pia. Ukizipakia zilivyo, ama zitakataliwa, ama mikwaju itaondolewa na mwanafunzi atabaki akiandika namba ambayo mfumo hauijui. Amueni mapema: kila mkwaju uwe kistari, herufi zote ziwe ndogo, mfano s0000-0000-2023, na tangazo liandikwe hivyohivyo ubaoni. Msiwaachie wanafunzi kukisia.

Excel nayo ina tabia zake. Inafuta sifuri ya mwanzo kwenye namba ya simu. Namba ndefu inayoanza na 255 inaigeuza 2.55E+11. Tarehe ya kuzaliwa mliyoipanga iwe nywila ya kuanzia inaipindua, 03/04/2005 ikawa Machi kwa mmoja na Aprili kwa mwingine. Dawa ni kuifanya safu nzima kuwa maandishi kabla ya kubandika chochote, kisha kuhifadhi kama CSV ya UTF-8. Vichwa vya safu viwe username, password, firstname, lastname, email na course1, bila nafasi na bila herufi kubwa. Pakia watano kwanza. Ingia wewe mwenyewe kwa akaunti ya mmoja wao, uone kozi yake imetokea. Ndipo upakie waliobaki.

Na tarehe ya kuzaliwa si nywila. Wanadarasa wanajuana, wanaandikiana hadi salamu za heri ya kuzaliwa. Toa nywila za kubahatisha zisizo na herufi zinazofanana na tarakimu, yaani O na 0, I kubwa, l ndogo na 1, na lazimisha mtu abadilishe akiingia mara ya kwanza. Nywila iliyonakiliwa kutoka WhatsApp mara nyingi huja na nafasi tupu mwishoni. Mwambie aiandike kwa mkono kabla hujafanya jambo lingine lolote.

Kuhusu kurejesha nywila kwa barua pepe: wanafunzi wengi hawana barua pepe wanayoifungua. Anayo ile iliyotengenezwa na fundi simu siku aliponunua simu, na hata jina lake halikumbuki. Hivyo kila idara iwe na mtu mmoja mwenye ruhusa ya kubadilisha nywila, naye asibadilishe bila kuona kitambulisho. Kwa wale wenye barua pepe ambao ujumbe hauwafikii, angalia rekodi za SPF na DKIM (zinazothibitisha kwamba barua imetoka kwenu kweli) za jina la kikoa cha chuo. Tangu Februari 2024 Gmail inamtaka kila mtumaji awe na angalau mojawapo, la sivyo barua zinatupwa kwenye taka au kukataliwa kabisa.

Kuna dalili moja inayopoteza siku nzima: maabara yote inakataliwa kwa mpigo, huku aliyeko nyumbani Buhongwa anaingia bila shida. Kompyuta zote za maabara hutoka nje kwa anwani moja ya IP. Watu 30 wakikosea nywila ndani ya dakika mbili, ukuta wa ulinzi wa seva unadhani mnashambulia, unaifungia anwani hiyo. Mwombe mwenye seva aiweke anwani ya chuo kwenye orodha ya zinazoaminika.

"Kwenye kompyuta inafunguka, kwenye simu inasema si salama"

Kwanza angalia tarehe ya simu. Simu iliyozima chaji siku kadhaa inaweza kurudi na tarehe ya miaka mingi iliyopita, na kwake cheti cha usalama cha tovuti kinaonekana bado hakijaanza kutumika.

Simu nyingi zikilalamika kwa pamoja, kosa ni la seva: cheti kimewekwa bila vile vya kati vinavyokiunganisha na mamlaka iliyokitoa. Vivinjari vya kompyuta vingi hujitafutia kipande kinachokosekana. Programu ya Moodle kwenye Android haifanyi hivyo. Kama mnatumia vyeti vya Let's Encrypt, elekeza seva kwenye faili la fullchain.pem, si cert.pem. Vyeti hivyo hudumu siku 90, kwa hiyo weka upyaishaji wa kujiendesha, na uhakikishe seva ya wavuti inaanzishwa upya baada yake.

"Faili halipandi"

Ukomo wa ukubwa wa faili umewekwa sehemu tano, na iliyo ndogo kuliko zote ndiyo inayotawala. PHP (lugha inayoendesha Moodle) huja na upload_max_filesize ya MB 2 na post_max_size ya MB 8. Nginx (programu ya seva ya wavuti) huja na client_max_body_size ya MB 1. Baada ya hapo kuna ukomo wa tovuti nzima ndani ya Moodle, wa kozi, na wa zoezi lenyewe. Mwalimu anapandisha wa zoezi hadi MB 50, mwanafunzi anaendelea kukataliwa kwa MB 2, kila mmoja anamwona mwenzake mwongo. Ukiona kosa namba 413, nenda moja kwa moja Nginx. Sisi tungeweka upload_max_filesize 50M, post_max_size 55M na client_max_body_size 55M, kisha kuanzisha upya PHP-FPM na Nginx, maana bila hivyo hakuna kinachobadilika.

Lakini kabla ya kupanua mlango, tazama kinachopitishwa. Mwanafunzi anapiga picha daftari lake kurasa sita, kila picha MB 3 hadi 5. Wafundishe siku ya kwanza kutumia programu ya skani kwenye simu, nyeusi na nyeupe, kurasa zote kwenye PDF moja. Ukurasa utashuka chini ya KB 300 na utasomeka vizuri kuliko ile picha yenye kivuli cha mkono.

Ikiwa hakuna anayeweza kupakia chochote, wala kuingia, na jana mlikuwa salama, diski imejaa. Amri ya df -h itakuonyesha. Mhalifu wa kawaida ni nakala rudufu za kozi zinazojitengeneza kila usiku kwenye diski ileile. Zihamishie kwingine na ubakize mbili za mwisho.

"Video inamaliza bando"

Hapa mwanafunzi hasingizii. Darasa la moja kwa moja lenye picha kwa Kbps 600 (kilobiti 600 kwa sekunde) linakula MB 270 kwa saa, kwa upande wa kupokea tu. Sauti peke yake kwa Kbps 64 ni MB 29 hivi. Tofauti ni zaidi ya mara tisa, na kwa masomo mengi picha ya uso wa mwalimu haiongezi kitu. Mwalimu azime kamera, aonyeshe slaidi au aziweke Moodle mapema, aongee. Kamera aiwashe pale mkono unapoonyesha kazi: kukaza kiungio, kukata kitambaa, kupima waya.

Somo lililorekodiwa ni bora zaidi kuliko la moja kwa moja, ila si likiwa limetoka kwenye simu ya mwalimu bila kuguswa; dakika kumi zinaweza kuzidi GB 1. Libane kwa programu ya ffmpeg:

ffmpeg -i somo.mp4 -vf scale=-2:480 -c:v libx264 -crf 28 -c:a aac -b:a 64k -ac 1 -movflags +faststart somo_dogo.mp4

Asiyependa amri atumie HandBrake, achague 480p, na aweke tiki kwenye chaguo la kuboresha kwa wavuti. Dakika kumi zenye jumla ya Kbps 364 ni MB 27. Hilo chaguo la wavuti, sawa na +faststart kwenye amri, huhamishia mwanzoni taarifa ambazo kichezeshi kinazihitaji. Likikosekana, video haianzi hadi faili lote lishuke, na mwanafunzi anayeangalia duara likizunguka anarudi kwenye ile sentensi yetu. Vipande viwe vya dakika 6 hadi 10, kimoja kwa ustadi mmoja.

Darasa linalokatika dakika ya 40 kila mara halina hitilafu. Huo ndio ukomo wa Zoom ya bure.

"Jaribio la saa mbili asubuhi limefunguka saa tano"

Tofauti ya saa tatu kamili inakuambia jibu: seva iko kwenye saa ya UTC (saa ya dunia, iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu). Ndani ya Moodle weka ukanda wa Africa/Dar_es_Salaam na uulazimishe kwa watumiaji wote. Tarehe zilizokuwa zimeshawekwa zitaonekana zimesogea mbele saa tatu, hivyo zipitieni upya moja moja kabla ya wiki ya majaribio.

Saa sita usiku nayo ni mtego. Mwalimu akiweka 00:00 ya tarehe 15 akidhani ni mwisho wa siku hiyo, kazi inafungwa usiku wa kuamkia tarehe 15, na darasa zima linaamka limechelewa. Tumieni 23:55, na kwenye tangazo andikeni kwa saa zetu pia: saa 5:55 usiku.

"Mtihani umeanza, kila kitu kimeganda"

Siku zote Moodle ilikwenda vizuri, ikaganda siku ambayo watu 200 walibonyeza kitufe cha kuanza kwa sekunde ileile. Kila ombi linashika mchakato mmoja wa PHP, na mchakato unaweza kula MB 60 hadi 100 za kumbukumbu (RAM). Seva ya GB 4, ukitoa sehemu ya hifadhidata na mfumo wenyewe, inabaki na nafasi ya michakato 25 hadi 30. Waliobaki wanasubiri, wanabonyeza tena, na kila kubonyeza kunaongeza foleni. Ukipandisha idadi ya michakato bila kuongeza kumbukumbu, seva inaanza kutumia diski badala ya kumbukumbu na hali inakuwa mbaya mara kumi.

Dawa ya bei rahisi ni kupishanisha. Gawa makundi ya watu 40, kila kundi lianze dakika tano baada ya lililotangulia, kila mtu akiwa na urefu uleule wa muda. Weka maswali matano kwa ukurasa: swali moja moja huzidisha maombi, na yote kwa pamoja huwa hatari simu ikizima. Picha ndani ya maswali zibanwe. Zima nakala rudufu na kazi nzito za mfumo muda huo. Hakikisha cron (kiendesha kazi za mfumo kwa ratiba) inakimbia kila dakika, kwani ndiyo inayowasilisha majibu ya mtu ambaye muda umemwishia akiwa hayupo hewani. Cron ikiwa imekufa, majibu yake yanaonekana hayajawasilishwa na ugomvi unaanza.

Mwanafunzi ambaye umeme umemkatikia katikati hajapoteza kila kitu. Jaribio la Moodle hujihifadhi lenyewe kila dakika. Aingie tena palepale alipoishia, hata kwa kifaa kingine. Waambie hili kabla ya mtihani, maana wengi hukata tamaa na kulala.

"Umeme ulikatika, tangu hapo swichi haiwaki"

UPS (kifaa cha kushikilia umeme ukikatika) ndogo ya VA 650 ina betri ya volti 12, Ah 7, yaani wati-saa (Wh) 84, na nusu yake ndiyo unayoipata kwa uhakika. Rauta, swichi ndogo na kifaa cha faiba kwa pamoja hutumia wati 28 hivi, kwa hiyo una saa moja na nusu. Inatosha kumaliza mtihani kwa simu hata jengo likiwa gizani. Mtu akichomeka printa ya leza kwenye UPS hiyo, hesabu yote imekufa. Betri ibadilishwe kila baada ya miaka miwili au mitatu. Joto la kabati lililofungwa huiua mapema zaidi.

Radi ni adui mkubwa kuliko kukatika umeme. Eneo la Ziwa Victoria ni miongoni mwa yenye radi nyingi duniani, na ngurumo nyingi hutoka ziwani usiku kuelekea alfajiri, wakati chuoni hakuna mtu wa kuchomoa kitu. Kinachoua swichi mara nyingi si waya wa umeme bali kebo ya mtandao iliyopitishwa hewani kutoka jengo moja hadi jingine. Radi ikipiga jirani, kebo hiyo ya shaba inaokota mshituko na kuuleta kwenye milango ya swichi. Dalili yake ni milango miwili mitatu kufa, mingine ikaendelea. Kati ya majengo tumia faiba na vigeuzi pande zote mbili. Haipitishi umeme, na inavuka mita 100 bila tabu.

Kuhusu athi (njia ya kuupeleka umeme wa hatari ardhini), fundi wa Mwanza anajua: nondo inagonga mwamba kabla haijazama nusu. Usikubali ikatwe juu na kufukiwa kwa mchanga ili ionekane imekamilika. Tafuta sehemu yenye udongo, hata ikiwa mbali na jengo, chimbia nondo kadhaa na uziunganishe, au laza waya wa shaba mtupu kwenye mtaro mrefu. Kisha upimwe kwa kipimo cha athi. Lengo ni chini ya omu 10. Risiti ya vifaa si kipimo.

Kama seva yenyewe iko chuoni, swali letu ni kwa nini iko hapo. Chuo chenye mtu mmoja wa TEHAMA na umeme wa kusuasua kinafaa kukodi seva ya nje, na hapo chuoni kiwe na nakala ya masomo kwa ajili ya maabara tu. Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi yenye MoodleBox (Moodle iliyofungashwa kwa ajili yake) inabeba kazi hiyo kwa darasa moja bila intaneti kabisa.

"Wanafunzi wa visiwani hawaonekani"

Ripoti ya Moodle inaonyesha mtu wa Ukerewe, Kome au Ukara hajaingia siku kumi, kisha ameingia mfululizo na kumaliza kila kitu. Kabla ya kumwandikia barua ya utoro, tazama mwezi. Wavuvi wa dagaa huingia ziwani usiku wa giza na kupumzika mbalamwezi ikiwa kubwa, na anayeanika au kuuza dagaa anafuata ratiba hiyohiyo. Kipindi cha moja kwa moja cha saa mbili usiku katikati ya giza kitamkosa kila mwezi, hata akiwa na bando. Tarehe za mwisho za kazi zikikaa kwenye siku za mbalamwezi, mahudhurio yanabadilika bila kugusa kifaa chochote.

Upande wa ufundi, ruhusu programu ya Moodle kwenye mipangilio ya tovuti, kisha wafundishe kupakua kozi nzima wakiwa kwenye Wi-Fi ya chuo kabla ya kupanda meli. Jaribio linaweza kufanywa bila mtandao na kutumwa baadaye, ila ni lazima mwalimu awashe ruhusa hiyo kwa mkono kwenye jaribio hilo. Lenyewe huja bila ruhusa hiyo. Halifai kwa mtihani wa alama za mwisho. Kwa mazoezi ya kila wiki linafaa sana. Mwenye kitochi mpe masomo yaliyochapwa na namba ya mwalimu. Usimfanye akaazime simu ya mtu na kuacha akaunti yake wazi humo.

"Kozi ipo, ndani ni tupu"

Huku hakuna kebo ya kubadilisha. Kozi tupu, au yenye PDF moja ya kurasa 140, ni dalili kwamba mwalimu ameongezewa kazi bila kupunguziwa nyingine. Mafunzo ya siku mbili hayatatui hilo. Kuandaa somo la saa moja la mtandaoni vizuri, na video na maswali, humla mwalimu siku nzima au zaidi. Mkuu wa taaluma apunguze vipindi vya mwalimu huyo muhula huo, na ayaandike masaa hayo kwenye mgawanyo rasmi wa kazi. Anzeni na kozi tatu zenye walimu wanaotaka. Ishirini kwa amri zitakufa zote pamoja.

Msijaribu kuhamishia karakana kwenye simu. Mitaala iliyo chini ya NACTVET (baraza linalosimamia elimu na mafunzo ya ufundi) ni ya umahiri, mwanafunzi anapimwa kwa kutenda. Kinachohamia mtandaoni ni nadharia, hesabu za mzigo wa umeme, majina ya vifaa, usalama kazini na video ya hatua. Muda uliookolewa darasani uende karakana. Mwanafunzi wa ushonaji aliyeitazama mara nne video ya kukata kola anapofika kwenye cherehani anauliza swali tofauti, na mwalimu ataliona hilo wiki ya kwanza.

Mengine ya haraka

Kazi ya Juma imewasilishwa kwa jina la Neema: hawakutoka kwenye akaunti kwenye kompyuta ya maabara. Weka vivinjari vifute kila kitu vikifungwa.

Sauti ya mwalimu haisikiki mvua ikinyesha kwenye bati: kipaza sauti cha waya karibu na mdomo, wengine wote wajizime.

Matokeo yamebandikwa kwenye kundi la WhatsApp yakiwa na majina, namba za mtihani na namba za simu: yaondoe leo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inavihusu vyuo pia, na Moodle inamwonyesha kila mwanafunzi alama zake peke yake bila kazi ya ziada.